Mzazi na shule ya msingi: maswali ninayoulizwa kila wiki na majibu yake

Nafundisha darasa la kwanza na la pili kwenye shule ya serikali huku mkoa wa Morogoro, huu ni mwaka wa 14, na mimi mwenyewe ni mama wa watoto watatu waliokalia madawati hayo hayo. Maswali ya hapa ndiyo yale wazazi wananiuliza getini, sokoni, ndani ya daladala, na wengine saa nne usiku kwenye simu. Nimejibu kwa hali ya shule za serikali Tanzania bara, wa shule za binafsi mtachukua kinachowahusu. Soma unalolitaka, sio lazima uanze juu.

## Mambo ya kwanza kwanza

Elimu si ni bure siku hizi? Sasa mimi mzazi natakiwa nini tena?

Ada imefutwa kweli. Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ndio ulioondoa ada na michango ya lazima kuanzia la kwanza mpaka kidato cha nne, ikaanza kazi Januari 2016, na watoto wakaja kwa wingi ambao hatujawahi kuuona. Nilifurahi na bado nafurahi, kuna watoto nimewafundisha ambao bila ule waraka wangekuwa wanachunga mbuzi mpaka leo.

Ila kuna kitu waraka hauwezi kukileta, nacho ni muda wa mtoto mmoja mmoja. Kipimo cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mimi sasa hivi darasani kwangu wapo 112. Kipindi cha la pili ni dakika 30, hebu gawa kwa watoto 112 uone, kila mmoja anapata sekunde 16, na hapo hujafuta ubao, hujamtuliza anayelia, hujamtoa nje anayetaka kujisaidia. Mtoto anayejifunza kusoma anahitaji mtu wa kumsikiliza anavyosoma kwa sauti, kila siku. Mimi hizo sekunde 16 nampa, dakika kumi zilizobaki zipo kwako nyumbani. Hicho ndicho kikubwa ninachokiomba kwa mzazi, kabla ya hela, kabla ya vikao, kabla ya kila kitu.

Mimi sikusoma, niliishia la tatu. Nitamsaidia nini mtoto?

Hili swali wazazi wananiuliza kwa sauti ya chini, pembeni, wanaona aibu. Usione aibu. Ngoja nikwambie kuhusu bibi mmoja.

Huyu bibi alikuwa anamlea mjukuu wake aliyekuwa darasani kwangu, hajui herufi hata moja. Kila Ijumaa jioni anamwita mjukuu, anakaa kwenye kigoda, anasema fungua daftari, geuza, geuza, geuza, alafu yeye anaangalia vitu viwili tu, wino mwekundu wa mwalimu na kurasa zilizorukwa. Akaona kuna siku kila wiki daftari halina kitu. Akaja nalo shuleni, shikamoo bibi, marahaba mwalimu, akaniwekea daftari mezani akaniuliza, "Mbona nyie Jumatano hamfundishi?" Tulikuwa tunafundisha. Nikafungua kitabu cha mahudhurio, kweli, Jumatano zote mtoto hayupo. Jumatano ni siku ya mnada, mtoto alikuwa anaaga nyumbani na sare yake, akifika njiani anaelekea mnadani kubebea watu mizigo apate mia mbili mia tatu. Mimi mwenye kujua kusoma na watoto wangu 112 nilikuwa sijaliona, bibi asiyejua kusoma ndiye aliyeliona.

Kwahiyo fanya kama bibi. Fungua daftari, angalia wino mwekundu, angalia tarehe zinafuatana au zinaruka (tarehe ni namba, wengi mnazijua kwenye simu). Alafu mwambie mtoto akusomee alichoandika leo, huku anagusa kila neno kwa kidole. Hata wewe hujui kusoma utaona kidole kikikwama, utasikia sauti ikisita, utaona kidole kimefika mwisho wa mstari na mdomo bado unaendelea, hapo ujue amekariri. Hiyo taarifa niletee mimi nitajua pa kuanzia.

Natoka saa kumi na moja alfajiri narudi saa mbili usiku, nitakaa na mtoto saa ngapi?

Sitakwambia uache kazi. Dakika kumi zinatosha na sio lazima ziwe zako. Kuna kaka yake wa la sita, kuna dada wa kazi, kuna shangazi, kuna jirani mwenye mtoto wa rika hilo. Mama mmoja anayechoma mahindi stendi mwanae anakuja na kitabu, anamsomea pembeni ya jiko wakati wateja wamepungua, na yule mtoto kwa kusoma yuko mbali sana kuliko wenzake wengi.

Kama ni dada wa kazi ndiye anayeshinda na mtoto basi yeye ndiye uje umtambulishe kwangu, nipate na namba yake. Wazazi wengi hili hawalifikirii kabisa, namwandikia mama ujumbe kwenye daftari wakati anayelifungua ni dada.

## Daftari, kusoma na kazi za nyumbani

Daftari lake lina vema tupu, lakini nikimpa gazeti hajui kusoma. Inakuwaje?

Inawezekana kabisa na inatokea sana, na hapa nasema ukweli ambao sisi walimu tunajisikia vibaya kuusema. Mtoto akikopi ubaoni vizuri anapata vema. Kukopi ni kuchora, mtoto wa la pili anaweza kuchora "Juma anacheza mpira" kwa mwandiko mzuri kuliko wangu na asijue lipi hapo ni Juma na lipi ni mpira. Ukiwa na madaftari 112 ya kusahihisha kabla ya saa nane, jicho linaangalia kama sentensi imekamilika, basi, vema, linalofuata.

Kumpima mwanao usiku huu huu fanya hivi. Chukua kitabu chake cha kusoma, funika picha kwa mkono, maana wengi wanasoma picha. Mwanzishie mstari wa mwisho wa ukurasa badala ya wa kwanza, maana wa kwanza ameshaukariri kwa kuimba na wenzake. Alafu gusa neno moja katikati muulize hili linasema nini. Akiweza hivyo vitatu anasoma. Akiweza ila ukimuuliza habari inahusu nini hajui, basi anatamka tu bado hajaanza kuelewa, na hilo nalo ni la kuniambia.

Nyumbani tunamfundisha a, be, che, de, mwalimu anasema tunamchanganya. Kwani kosa liko wapi?

Tangu mtaala wa KKK wa 2015 (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) la kwanza tunaanza na sauti ya herufi, jina la herufi linasubiri. Herufi b tunaitamka ile sauti yake fupi inayotoka midomo ikiachana, hatusemi "be". Sababu utaiona mtoto akianza kuunganisha. Nilikuwa na mtoto kaja kutoka nyumbani anaijua a be che de yote kama maji, mama yake anajivunia kweli. Nikamwandikia "baba". Akasoma "be-a-be-a", akatulia, akaangalia tena, akasema "bea bea?" Alikuwa anafuata alichofundishwa, shida ni kwamba kwa majina ya herufi lile neno halipatikani.

Kwahiyo nyumbani tumia silabi, ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, alafu unganisha, ma-ma, ba-ba, bi-bi, me-za. Kiswahili chetu kina bahati, kinasomwa kama kinavyoandikwa, mtoto akishika silabi za kawaida amebakiza zile nzito, mbw, ng', nyw, chw. Hizo zina muda wake, usimgombeze akikwama kwenye "ng'ombe", kuna watu wazima wanaiandika bila ile alama juu. Wimbo wa a be che de muimbe tu jioni kwa raha, jina la herufi atalihitaji baadaye akianza kutumia kamusi.

Homuweki nimfanyie au nimwache?

Usimfanyie. Ukimfanyia mimi napata picha ya uongo, naona anajua, nasonga mbele namwacha. Mwache akosee, alafu niandikie chini kwa penseli "kashindwa hapa". Neno hilo moja lina faida kwangu kuliko vema kumi.

Kama kazi imezidi nusu saa kwa mtoto wa la kwanza au la pili mwambie aache akalale, niandikie imezidi, mimi sitamwadhibu. Kuna mzazi aliniambia mwanae alilia mpaka saa tano usiku kwa sababu ya kazi yangu mwenyewe na hakuniambia kwa wiki tatu. Iliniuma.

Hesabu wanazofundisha sasa sizielewi, sisi tulifundishwa vingine.

Mpe hesabu za maisha. Mtume dukani kwa Mangi na elfu mbili alete sukari robo na sabuni ya mche nusu, kabla hajaondoka muulize chenji itabaki ngapi. Mwambie apange nyanya mafungu ya tano tano. Vizibo vya soda, punje za mahindi, vijiti, ndivyo tunavyotumia hata darasani. Njia ya kuandika kwenye daftari niachie mimi, ukitaka kuijua njoo nikuonyeshe dakika tano utaelewa.

Nyumbani tunaongea kilugha. Niache ili ajue Kiswahili?

Usiache. Mtoto anayesimuliwa hadithi kwa Kiluguru, Kigogo au Kisukuma anakuja darasani anajua hadithi ina mwanzo na mwisho, anajua kuuliza kwa nini, ana maneno mengi kichwani. Kiswahili anakiongezea juu ya hapo. Anayenipa shida ni yule ambaye nyumbani haongeleshwi kwa lugha yoyote, anakabidhiwa simu. Ila siku ya kwanza niambie nyumbani mnaongea nini, maana mtoto akinyamaza wiki mbili naweza kudhani ana tatizo lingine kumbe hajanielewa tu.

Hatuna vitabu nyumbani.

Uliza shule kwanza, vitabu vya kiada vinavyotoka Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vinakuja ingawa havitoshi, sehemu nyingi watoto wanachangia kitabu kimoja wanne watano. Mwenye simu janja aingie maktaba mtandao ya TET, vitabu vya kiada vya madarasa yote vimo na kuvisoma ni bure, unachohitaji ni bando. Nje ya hapo maandishi yamejaa, pakiti ya chumvi, boksi la dawa ya meno, jina la daladala, kanga! Kanga ina sentensi nzima tena yenye maana, mtoto wangu wa pili herufi kubwa alizishikia kwenye kanga zangu.

Tuisheni ni lazima?

Hapana. Kwa la kwanza na la pili mimi siishauri kabisa, mtoto wa miaka saba aliyeshinda darasani anahitaji kucheza na kulala. Na mwalimu akikwambia mwanao hatafundishwa vizuri mpaka alipie tuisheni hilo ni kosa, soma swali la kulalamika huko chini.

## Kuongea na mwalimu

Nije lini, na nikija niseme nini?

Asubuhi kabla ya vipindi ni wakati mbaya, watoto wako mstarini, mwalimu wa zamu anazunguka. Njoo mchana wakitoka, la kwanza na la pili wanawahi kutoka kuliko wakubwa. Usisubiri uitwe. Wazazi wengi wamezoea kwamba kuitwa shule ni kesi, basi wakiona meseji yangu wanakuja wamekunja uso au hawaji kabisa. Mimi napenda uje wakati hakuna kesi.

Ukija usiulize "mwanangu anaendeleaje", maana nitakujibu "anaendelea vizuri" na wote tutaondoka hatujapata kitu. Uliza wiki hii wanasoma nini, mwanangu amekwama wapi, nifanye nini nyumbani mpaka Ijumaa. Alafu na wewe niambie ya kwenu. Baba amesafiri, kuna msiba, mmehamia chumba kingine, amezaliwa mdogo wake. Nilishamsema mtoto wiki nzima kwa kusinzia darasani kumbe nyumbani kulikuwa na mgonjwa na yeye ndiye anayeamka usiku kumpa maji. Mtoto wa miaka minane. Laiti ningejua mapema.

Grupu la WhatsApp la darasa lina faida?

Lina faida likiwa na kazi moja. La kwetu tunaweka kazi ya wiki, matangazo, na voisi ya dakika moja nikisoma silabi za wiki ili mzazi asikie zinavyotamkwa. Salamu za asubuhi zenye maua, siasa na matangazo ya vikoba tumekubaliana yasiwekwe. Na jina la mtoto halitajwi humo, sio kwa kusifia wala kwa kusema, wala picha ya daftari lake. Nina jambo la mwanao nakupigia. Kumbuka pia nusu ya wazazi wana simu za vitochi, kwahiyo kilichowekwa kwenye grupu kinaandikwa na kwenye daftari.

Ripoti imekuja ana C. Ni nzuri au mbaya?

Inategemea C ipi. Kwenye upimaji wa la nne na mtihani wa la saba kila somo lina alama 50, na madaraja yanakwenda hivi: A ni 41 hadi 50, B ni 31 hadi 40, C ni 21 hadi 30, D ni 11 hadi 20, E ni 10 kushuka, na shule nyingi zinatumia hivyo hivyo kwenye ripoti zao. Mtoto wa 21 na mtoto wa 30 wote wana C, mmoja anakaribia kuanguka na mwingine anakaribia B. Uliza alama. Alafu linganisha na muhula uliopita wa kwake mwenyewe, mtoto wa jirani muache.

Nafasi darasani isikutie wazimu. Wa 60 kati ya 112 anayesoma vizuri yuko salama kuliko wa 5 anayekariri. Na pima mapema, kuna upimaji wa KKK la pili, kuna wa la nne, alafu la saba Septemba. Ukisubiri la saba ndio uanze kuuliza umechelewa sana.

Vikao vya wazazi ni vya kuombwa hela tu, kuna haja ya kwenda?

Malalamiko haya ni ya kweli, nimekaa vikao vya saa tatu ambavyo neno "kusoma" halikutajwa. Nenda, na kwenye mengineyo nyoosha mkono uliza, la pili wangapi wanasoma na wangapi bado? Swali hilo likiulizwa mara mbili tatu kikao kinabadilika, kwetu kilibadilika, sasa mwalimu wa taaluma anakuja na idadi imeandikwa kwenye manila anaibandika ukutani. Na akina baba jamani mje, mahudhurio yenu ni madogo mno, mtoto anayemuona baba yake amekaa kwenye dawati lake siku hiyo anaishika hasa.

## Hela, chakula na kamati

Michango ipi ni lazima na ipi siyo?

Waraka namba 3 wa 2016 umegawa majukumu. Serikali inagharamia uendeshaji wa shule, mzazi anabaki na sare, madaftari na kalamu, matibabu ya mtoto, na chakula kwa mwanafunzi wa kutwa. Jamii inaweza kuchangia maendeleo kwa hiari, ila lazima pawe na makubaliano ya wazazi na kibali cha ngazi za juu, mwalimu haamui peke yake. Mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu hajatoa mchango imekatazwa, na katazo lilirudiwa kwa ukali Januari 2018. Likimtokea mwanao soma swali la kulalamika.

Unapotoa chochote dai risiti.

Serikali si inaleta hela? Zinaenda wapi?

Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 6,000 zinakuja shuleni na 4,000 zinabaki kwa ajili ya vitabu. Hiyo 6,000 ni mia tano kwa mwezi kwa kila mtoto, humo itoke chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na mambo ya ofisi. Una haki ya kuona mchanganuo, mwalimu mkuu anatakiwa abandike mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Kausome. Kusoma ubao sio kumshuku mtu.

Chakula shuleni tulikikubali kwenye kikao lakini wengine hawatoi. Wasiotoa watoto wao wale?

Mimi msimamo wangu haujawahi kubadilika, wale. Mtoto wa miaka saba huwezi kumweka pembeni anawaangalia wenzake wanakunywa uji. Nimewahi kuona mtoto anachukua kikombe kitupu anaenda kukaa na wenzake ili asionekane hana. Sitaki kukiona tena.

Kinachofanya kazi kwetu ni kuruhusu mzazi atoe alicho nacho. Wakati wa mavuno debe la mahindi au kilo za maharage, asiye na shamba analeta kuni, asiye na kuni anasaidia kupika siku mbili kwa mwezi. Makande na uji wa lishe vikiwepo mahudhurio yanapanda na saa tano hakuna anayelala juu ya dawati. Stoo ifungwe kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu mmoja kwa mzazi, hapo maneno maneno yanaisha.

Kamati ya shule na UWAWA tofauti yake nini?

Kamati ya shule ipo kisheria, kwenye Sheria ya Elimu ya 1978, mwalimu mkuu ndiye katibu wake, inasimamia mipango na fedha. UWAWA ni Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, wenyewe uko karibu zaidi na darasa, wazazi wanawakilisha madarasa, wanafuatilia utoro, chakula, usalama njiani, kusoma. Huna muda wa kamati? Ingia UWAWA darasa la mwanao.

## Mambo magumu

Mwalimu kampiga mwanangu mpaka kaumia. Kanuni inasemaje?

Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinasema anayeruhusiwa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, viboko visizidi vinne, iwe kwa kosa kubwa, na iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa somo kumchapa mtoto kwa kukosa hesabu, au fimbo kumi, au kofi, hayo yote yako nje ya kanuni. Mtoto aliyeumia mpeleke hospitali kwanza upate karatasi, alafu fuata njia ya swali linalofuata, na kama ni ukatili nenda dawati la jinsia na watoto polisi au piga 116, ni simu ya bure ya kusaidia watoto.

Mimi mwenyewe kwa kusoma sichapi. Sijawahi kuona mtoto aliyejifunza "ng'ombe" kwa fimbo.

Nina malalamiko, nianzie wapi bila mwanangu kuchukiwa?

Anza na mwalimu wa darasa, peke yenu wawili, ukiwa na daftari au karatasi mkononi. Isipoisha nenda kwa mwalimu mkuu. Hapo panapokwama kuna mwenyekiti wa kamati na Afisa Elimu Kata, alafu Afisa Elimu wa halmashauri anayeshughulika na awali na msingi. Andika tarehe na uliyeongea naye. Usianzie kwenye grupu wala usimgombeze mwalimu mbele ya watoto, hata kama una haki yote, maana kesho huyo huyo ndiye atakayesimama mbele ya mwanao na aibu yake kifuani.

Anaitwa mzembe, haandiki ubaoni, anaandika vya kwake. Nimchape?

Subiri. Msimamishe mbele ya kalenda ya ukutani, rudi nyuma hatua sita saba, muulize namba zile. Funika jicho moja, alafu lingine. Nilikuwa na mtoto wa kiume aliyekaa nyuma kwa sababu ya urefu wake, walimu watatu kabla yangu waliandika "mzembe" kwenye ripoti. Siku moja nikamtuma afute ubao, akasogea karibu akaanza kusoma kwa sauti yote yaliyoandikwa, hakukosea hata neno. Alikuwa hauoni ubao. Alipata miwani hospitali ya wilaya, akakaa mbele, akaingia la tatu anasoma.

Na masikio vile vile, mtoto anayetoa usaha sikioni, anayegeuza kichwa upande mmoja, anayeangalia mdomo wako ukiongea. Hospitali kwanza. Kama ana ulemavu wa kudumu shule haina ruhusa ya kumkataa, niambie tupange kiti, tupange rafiki wa kukaa naye, tumuulize Afisa Elimu shule yenye mwalimu wa elimu maalumu iko wapi karibu.

Tumeachana, mtoto anakaa kwa baba. Naruhusiwa kuulizia maendeleo yake?

Wewe ni mzazi, njoo. Kama kuna amri ya mahakama ilete mwalimu mkuu aijue, kama haipo mimi nampa taarifa mama na nampa baba. Ninachoomba msinitumie kupelekeana maneno, na msigombane getini. Mtoto anaona kila kitu, siku hiyo hasomi.

Tunahama mkoa katikati ya mwaka.

Usiondoke kimya. Pitia kwa mwalimu mkuu akupe fomu ya uhamisho na namba ya mtoto ya PReM (mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi), bila hiyo namba usajili wa mitihani ya taifa unasumbua. Niombe pia karatasi moja ya mkono, amefika wapi kusoma na nini kinamsaidia. Hiyo haipo kwenye fomu yoyote lakini mwalimu wa huko ataishukuru.

Yuko la nne na hajui kusoma kabisa. Nimechelewa?

Hujachelewa, ila acha kazi za la nne kwa muda, rudi mwanzo bila kumtangazia. Silabi, kama nilivyoeleza kwenye swali la a be che de, dakika kumi asubuhi na kumi usiku. Mfiche na aibu, asisome vitabu vya la kwanza mbele ya wadogo zake, mwandikie wewe au kaka yake sentensi za maisha yake kwenye karatasi, timu yake, jina la mbwa wake, bei ya chapati. Kaongee na mwalimu wake mkubaliane asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake kwanza mpaka awe tayari.

Niliyempitisha hivyo wa mwisho alikuwa na miaka 11. Mama yake anauza mboga, walikuwa wanasoma kwenye karatasi za kufungia, alfajiri wakipanga mchicha. Ilichukua miezi mitano. Siku moja alinisimamisha njiani akanionyesha bango la fundi wa redio, akalisoma lote mpaka namba ya simu, alafu akauliza, "Mwalimu, na lile kule?"